Viza ya Mpito: Uhakiki wa Istilahi Moja Inayobeba Dhana Mbili

Katika robo ya mwaka iliyopita tuliletewa karatasi ya maelekezo kwa abiria wa ndege, yenye kurasa nne, iliyofasiriwa kwa Kiswahili ili iwafae watu wasafirio mbali kwa kubadili ndege njiani. Aliyeileta alitaka jambo dogo: ithibitishwe kuwa Kiswahili chake ni sanifu. Tuliisoma mara mbili. Sarufi yake ilikuwa nzuri kwa jumla, tahajia ilikuwa safi, na takriban maneno yote yalikuwa ya kawaida. Hata hivyo hatukuweza kuithibitisha, kwani abiria ambaye angeifuata kwa uaminifu angeweza kuzuiwa kwenye kaunta ya shirika la ndege, tiketi mkononi na fedha imekwisha kulipwa. Chanzo cha hatari hiyo kilikuwa istilahi moja, nayo ni “viza ya mpito”.

Hatukusudii kumlaumu mfasiri. Istilahi hiyo hakuibuni yeye. Aliikuta magazetini, katika matangazo ya mawakala wa safari, na vinywani mwa watu wenye haraka. Tunaihakiki karatasi yake kwa sababu imeyakusanya mahali pamoja makosa ambayo kwa kawaida huonekana yametawanyika, na kwa sababu wasomaji wetu wengi, hasa walio katika ofisi za serikali, huletewa karatasi za namna hiyo na kutakiwa kuzipitisha.

Kwanza tuliondoe njiani neno lenyewe “viza”, maana halina ugomvi mkubwa. Wako waandishi wanaoandika “visa” kwa kufuata tahajia ya Kiingereza na Kifaransa. Kwa Mswahili visa ni wingi wa kisa, na mtu mwenye visa ni wa kuepukwa, si wa kukaribishwa mpakani. Kwa hiyo z ni bora kuliko s, ingawa wacheshi hutukumbusha kwamba yai lililoharibika nalo huitwa yai viza. Muktadha watosha kuyatenga. Lililo na uzito zaidi ni ngeli. Karatasi yetu ilisema “viza hivi vinatolewa”, kana kwamba umoja wake ni kiza. Neno hili lifuate ngeli ya maneno mengine ya kukopa ya namna yake: viza hii inatolewa, viza hizi zinatolewa.

Sasa tuitazame dhana. Ndege inapotua katika nchi ya kigeni ambayo si mwisho wa safari, abiria aliyemo hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama hubaki upande wa ndani wa uwanja, kabla ya kulifikia dawati la uhamiaji, akingoja ndege yake ya pili. Ama huliendea dawati hilo, hati yake ya kusafiria ikagongwa muhuri, akatoka. Huenda akatoka kwa saa tatu tu, tena kwa ajili ya kuchukua sanduku lake na kuliandikisha upya katika ukumbi mwingine. Kwa jicho la msafiri mambo haya mawili ni kitu kimoja: “napita tu”. Kwa jicho la sheria ni vitu viwili vilivyo mbali kama baraza na chumba.

Mfano huu wa baraza hatukuutoa kwa kupamba maneno. Katika nyumba za pwani mgeni hupiga hodi, akakaribishwa, akaketi barazani. Hapo amekwisha kufika. Huenda akaletewa kahawa, akazungumza hata jua likazama. Lakini hakuna mwenye nyumba ambaye angesema kwamba mgeni huyo ameingia ndani. Kufika ni jambo moja, kuingia ni jingine, na baina ya mawili hayo pana mlango na ruhusa ya mwenyewe. Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1971 inasema jambo hilohilo kwa maneno makavu: katika kifungu chake cha 11, mtu aliyeletwa na ndege hahesabiwi kuwa ameingia nchini mpaka ateremke, na hata akiteremka, hahesabiwi kuwa ameingia maadamu yumo katika eneo la uwanja lililokubaliwa na afisa wa uhamiaji. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho kilipitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949, nacho kinalitambua eneo la namna hiyo: ni mahali palipotengwa katika uwanja wa kimataifa, chini ya usimamizi wa mamlaka za nchi, ambapo abiria aweza kukaa bila ya kuomba kuingia. Dhana basi ni ya kale katika usafiri wa anga. Lugha yetu haikukosa njia ya kuieleza. Ni istilahi tuliyoizoea ndiyo isiyoigusa.

Tuone jinsi isivyoigusa. Karatasi yetu ilisema kwamba abiria “wa mpito” asiyetoka uwanjani hahitaji viza, na kwamba anayetaka kutoka ahitaji “viza ya mpito”. Kanuni hiyo ina mantiki nzuri. Ubaya wake ni kwamba kwa nchi kadhaa si kweli.

Tumchukue mwalimu Mtanzania mwenye viza ya Brazil, anayepanda ndege Nairobi, anayebadili London, na anayekwenda São Paulo. Hana haja ya kuuona mji wa London; atakaa ukumbini saa nne kisha aondoke. Kwa mujibu wa karatasi yetu hana haja ya viza. Lakini Uingereza inayo viza maalumu kwa abiria wa namna hiyo hasa, yaani yule asiyelifikia dawati la uhamiaji, na amri iliyotolewa huko mwaka 2014 iliambatishwa orodha ya nchi ambazo raia wake huhitaji viza hiyo. Tanzania imo katika orodha hiyo. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo pia. Mbali na viza hiyo iko ya pili, kwa mtu anayelipita dawati na kutoka, naye hupewa muda usiozidi saa 48. Viza hizo ni mbili, zina masharti mbalimbali, na karatasi yetu iliziita zote kwa jina moja. Au, kusema kweli zaidi, iliijua ya pili tu na ikaikana ya kwanza.

Mwalimu wetu angekuwa na viza halali ya Kanada au ya Marekani, huenda angesamehewa viza ya kubaki uwanjani. Hivyo watu wawili kutoka shule moja, wameketi bega kwa bega katika ndege moja, mmoja aweza kuwa salama na mwingine akaachwa Nairobi. Ndiyo sababu haifai kusema “abiria wa mpito” kana kwamba wote ni kundi moja.

Katika nchi za Ulaya zinazoshirikiana chini ya mapatano ya Schengen mambo ni tofauti tena. Kanuni yao ya viza, namba 810 ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika tarehe 5 Aprili 2010, inaitambua viza ya herufi A, ambayo ni ya kukaa katika eneo la kupitia la uwanja wa ndege bila ya kuingia, na viza ya herufi C, ambayo ni ya kuingia kwa muda mfupi. Zamani ilikuwapo pia viza ya herufi B, ya mtu aliyeingia katika nchi hizo kwa nia ya kupita tu. Ilifutwa siku hiyohiyo kanuni mpya ilipoanza, na mtu wa namna hiyo siku hizi hupewa viza ya C. Karatasi yetu, ambayo yaelekea ilinakili karatasi nyingine ya zamani, bado ilikuwa ikiwaelekeza watu waombe viza ambayo haijatolewa tangu mwaka 2010.

Orodha ya pamoja iliyoambatishwa na kanuni hiyo ilitaja nchi 12 ambazo raia wake huhitaji viza ya A katika viwanja vyote vya nchi za Schengen. Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwamo, ingawa kila nchi mwanachama imeachiwa nafasi ya kuongeza majina kwa viwanja vyake yenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwamo. Jambo hili lina maana kubwa kwetu sisi tunaoandika Kiswahili tukidhani kwamba msomaji wetu yuko Morogoro au Nakuru tu. Kiswahili husomwa Bukavu, Goma na Lubumbashi. Sentensi isemayo “hutahitaji viza kama hutoki uwanjani” inaweza kuwa kweli kwa msomaji wa Arusha anayebadili ndege Brussels, na ikawa uongo mtupu kwa ndugu yake wa Goma anayesoma karatasi ileile na kupita katika uwanja uleule. Mfasiri anapoandika “wewe” hana budi kujua “wewe” huyo ana hati ya kusafiria ya nchi gani.

Lipo na tego jingine ambalo istilahi yetu hulificha. Safari ya ndege kutoka nchi moja ya Schengen hadi nyingine huhesabiwa kuwa ni safari ya ndani. Abiria atokaye Dar es Salaam, akabadili ndege Amsterdam, akabadili tena Frankfurt, ndipo aende nje ya Ulaya, amekwisha kuingia alipoondoka ukumbi wa Amsterdam, hata kama hakuona mtaa wala duka la nje. Hapo viza ya A haimfai kitu. Ahitaji ya C. Kwake yeye amepita mara mbili. Kwa sheria ameingia mara moja na kutoka mara moja.

Nchini Marekani tatizo ni kinyume chake. Huko hakuna baraza. Abiria atokaye nchi ya nje, hata kama anakwenda Mexico kwa ndege ya saa mbili baadaye, hana budi kulifikia dawati la uhamiaji na kukaguliwa kama wale wengine wote. Aghalabu hulazimika kulichukua sanduku lake pia. Palikuwa na utaratibu wa kuwaruhusu baadhi ya abiria wapite bila ya viza, lakini ulisimamishwa tarehe 2 Agosti 2003. Tangu hapo mpitaji ambaye nchi yake haikusamehewa viza huhitaji viza ya C-1 au nyingine inayomruhusu kuingia. Ukiandika kwa ajili ya msomaji huyu kwamba “asiyetoka uwanjani hahitaji viza”, umemwambia habari ya mlango usiokuwapo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini karatasi ya Kiswahili iwe na uzito wote huo, ilhali afisa wa nchi ya kigeni haisomi. Jibu ni kwamba abiria hazuiwi na afisa huyo. Huzuiwa kabla ya kupanda, na mfanyakazi wa shirika la ndege. Sheria ya Uingereza ya 1999 inaruhusu shirika litozwe pauni 2,000 kwa kila abiria aliyeletwa bila ya hati zinazotakiwa, na agizo la Umoja wa Ulaya la 2001 liliziagiza nchi wanachama ziweke faini za maelfu ya euro kwa kosa kama hilo. Mfanyakazi wa kaunta hana ruhusa ya kuhurumia. Hutazama maandishi yaliyo mbele yake, kisha husema ndiyo au la, na aliyeuza ng'ombe ili anunue tiketi hurudi nyumbani na sanduku lake.

Turudi kwenye neno. “Mpito” lina kazi yake tayari. Tunasema serikali ya mpito, kipindi cha mpito, masharti ya mpito katika katiba. Yaani hali iliyo baina ya hali mbili, isiyokusudiwa kudumu. Msomaji aliyezoea matumizi hayo akiisoma “viza ya mpito” ana haki ya kudhani kwamba ni viza ya muda, anayopewa mtu anayengoja viza iliyo kamili. Tumewauliza watu kadhaa wasiokuwa wataalamu, na zaidi ya mmoja alitujibu hivyo hasa. Istilahi ambayo mtu mwenye akili timamu huielewa kinyume, tena kwa sababu nzuri, haiwezi kutetewa kwa kusema kwamba imezoeleka.

“Viza ya kupita” ni afadhali, na yafaa tuseme kwa haki kwamba ina asili nzuri. Tunadhani inakwenda vizuri na mipaka ya nchi kavu. Mtu atokaye Kenya kwa basi, akaingia Namanga, akatoka Tunduma kwenda Zambia, anapita Tanzania kweli. Hana baraza la kuketi, maana barabara yenyewe imo ndani ya nchi. Viza ya Tanzania kwa wapitaji, isiyozidi siku saba, ni ya mtu wa namna hiyo. Neno likafaa, kisha likachukuliwa zima zima kupelekwa kwenye viwanja vya ndege, ambako pana hali mbili badala ya moja. Hapo ndipo lilipoelemewa.

Wengine wamependekeza tukope “transiti” tukaachana na taabu hii. Kwa mizigo hatuna pingamizi. Mawakala wa forodha katika bandari ya Dar es Salaam wamekuwa wakiitaja mizigo ya Zambia na Kongo kuwa ni ya transiti, kila mhusika anaelewa, na lugha haiharibiki kwa neno linalofanya kazi yake. Lakini kukopa hakutusaidii katika shida iliyo mbele yetu, kwa sababu neno hilo hata huko litokako halitenganishi dhana hizi mbili mpaka liongezewe maneno mengine. Tukikopa utata, tutakuwa tumekopa utata.

Pendekezo letu ni kutumia kauli ya kutendea, ambayo lugha imetupa bure. Kupita si kupitia. Aliyepita mlangoni aliendelea na safari zake. Aliyepitia mahali alipafanya mahali hapo kuwa sehemu ya njia yake. Jahazi hupitia Lamu, mtu hupitia sokoni kabla ya kwenda nyumbani. Na kitenzi hiki hupenda kutajiwa mahali, na mahali ndipo penye tofauti tunayoitafuta. Basi viza ya mtu asiyelipita dawati iitwe “viza ya kupitia uwanjani”, na ya yule anayelipita ili aendelee na safari iitwe “viza ya kupitia nchini”. Eneo lenyewe liitwe “eneo la kupitia”. Miundo hii si migeni: waliotupa “hati ya kusafiria” waliijenga kwa kauli ileile, na hakuna anayelalamika kwamba ni ndefu.

Pendekezo hili lilipojadiliwa ofisini lilipata wapinzani, nao hawakuwa wajinga. Mmoja alisema kwamba “uwanjani” humpeleka msikilizaji kwenye mpira. Hilo ni kweli likisemwa peke yake, lakini hakuna viza ya kwenda kutazama mpira, angalau bado. Wanaopendelea “kiwanjani” kwa kufuata “kiwanja cha ndege” watumie hivyo, maana haibadiliki. Mwingine alisema kwamba “kupitia” limechoshwa: watu hupitia hesabu, hupitia rasimu, na siku hizi hutangaziwa habari kupitia redio. Tunakubali kwamba limechoshwa, na kwamba matumizi hayo ya mwisho yangeweza kupunguzwa pasipo hasara. Lakini mbele ya neno la mahali halina utata.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Mtu aliyeketi uwanjani London, yuko wapi kama si nchini Uingereza? Kuweka “uwanjani” upande mmoja na “nchini” upande mwingine ni kama kusema kwamba baraza si sehemu ya nyumba. Pingamizi hili latupeleka kwenye neno jingine la karatasi yetu, ambalo lina madhara makubwa kuliko “mpito”, ingawa halikututisha tulipolisoma mara ya kwanza. Neno hilo ni “eneo la kimataifa”.

Eneo la kimataifa ni mahali gani? Msomaji wa Kiswahili, akilisikia, huwaza maji makuu ya bahari: mahali pasipo mwenyewe. Wapo hata maafisa, mbali na sisi, waliopata kuliwaza hivyo. Mwezi Machi 1992 Wasomali kadhaa waliofika Paris kwa ndege kutoka Damascus, wakitafuta hifadhi, walizuiliwa kwa siku 20 katika eneo la namna hiyo la uwanja wa Orly na katika hoteli iliyofanywa kuwa sehemu ya eneo hilo, kisha wakarudishwa Syria. Shauri lao, Amuur dhidi ya Ufaransa, liliamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya tarehe 25 Juni 1996. Mahakama iliona kwamba eneo lile, lijapoitwa la kimataifa, halikuwa nje ya nchi ya Ufaransa, na kwamba watu wale walinyimwa uhuru wao kinyume cha haki. Watu waliofungiwa barazani wamefungiwa nyumbani mwa mtu, na mwenye nyumba hujibu.

Kwa hiyo tunampa mpinzani wetu haki yake, na tunalifuta “eneo la kimataifa” katika maelekezo yote ya abiria. “Eneo la kupitia” halidai kwamba pale si nchi ya mtu. Na kuhusu “kupitia uwanjani” na “kupitia nchini”, tunashauri kila sheria au kanuni itakayoyatumia iyafafanue mwanzoni kwa kutaja dawati la uhamiaji, si kwa kutaja ardhi. Shauri hili si la anasa. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kazi ya kuzifasiri sheria zilizotungwa kwa Kiingereza ni kubwa, na Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, ni mojawapo ya zile zinazomgusa kila mgeni. Neno “kuingia” peke yake, lisipofafanuliwa, litawapa mawakili chakula cha miaka mingi.

Tulipofika ukurasa wa tatu wa karatasi tulikutana na “ndege ya kuunganisha”, na hapo tulitofautiana wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni tulitaka kuifuta kwa kuwa ni tafsiri sisisi. Baadaye mwenzetu mmoja alitukumbusha vituo vya mabasi. Abiria atokaye Dar es Salaam kwenda Songea kwa basi la Mbeya husema ataunganisha Makambako, na hakuna kamati iliyomfundisha kusema hivyo. Basi “kuunganisha” ni neno la wasafiri wenyewe, na tumeliacha. Lakini anachokiunganisha ni safari, si chombo. Ndege ya kuunganisha ni ndege yenye kazi ya kuunga vitu, na “viunganishi vya ndege”, tulivyoviona kichwani mwa ukurasa huo, ni somo la sarufi. Isemwe “kuunganisha safari”, au kwa wepesi zaidi “kubadili ndege”. Na ndege yenyewe ni “ndege ya pili”. Na mtu ambaye ndege yake imetua kidogo kisha ikaendelea naye, bila ya yeye kuhamia nyingine, hakubadili wala hakuunganisha. Huyo, na huyo peke yake, ndiye anayestahili kuitwa “abiria apitaye”.

Mambo mawili ya sentensi, upesi. La kwanza ni “unaweza kuhitaji viza”. Kitenzi cha Kiingereza kilichofasiriwa hapo kilikuwa na maana ya jambo liwezalo kutokea, lakini “unaweza” la Kiswahili husikika kwanza kama uwezo au ruhusa. Lugha yetu inalo “huenda”: huenda ukahitaji viza. La pili ni kuyarundika masharti mwishoni. Sentensi moja ya karatasi ilianza “Abiria hahitaji viza”, kisha ikafuata “isipokuwa” mara nne mfululizo, mistari saba. Msomaji aliyeridhika na maneno matatu ya kwanza hakufika kwenye “isipokuwa” ya nne, na ilikuwa ndiyo yake: wale wenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Hao, mizigo yao aghalabu huwa haikuandikishwa hadi mwisho wa safari, huenda wakalazimika kutoka kuichukua, na wakitoka wameingia nchini. Kwa Kiswahili sharti hutangulia: “Ikiwa una tiketi mbili, ukague kwanza kama utalazimika kuuchukua mzigo wako njiani.”

Nchi nazo hazitungoji. Mwezi Januari 2024 Kenya iliondoa viza na kuweka mahali pake idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao kabla ya safari. Wapo walioandika “viza mpya ya Kenya”. Kitu kilichotangazwa kuwa si viza kisiitwe viza. “Idhini ya kusafiri” yatosha, na wepesi wa kuiomba au gharama yake si hoja ya istilahi.

Limebaki neno moja ambalo tumeshindwa kukubaliana. Katika desturi ya tiketi za kimataifa, kukaa mahali kwa muda usiozidi saa 24 huhesabiwa kuwa ni kubadili ndege tu; ukizidi hapo, huhesabiwa kuwa umesimamisha safari, na nauli huweza kubadilika. Hali ya kwanza twaweza kuiita “kungoja ndege”. Kwa ya pili tumetajiwa “kulala njiani”, ambalo halifai kwa anayekaa siku tano. “Kukatiza safari”, ambalo lasikika kama msiba. Na “kituo”, neno la misafara ya zamani, ambalo sasa limejaa mabasi na polisi. Wasomaji walio katika kazi ya tiketi, na hasa walioko Mombasa na Zanzibar, ambako huenda mabaharia wamehifadhi neno lifaalo, wanaombwa watuandikie. Hadi tunapokwenda mitamboni, karatasi ya kurasa nne imerudishwa kwa mwenyewe pamoja na masahihisho yake, na nafasi ya neno hilo imeachwa wazi.